Mchana halali, jioni anazima kama stima, usiku anatukesha

Habari yako shangazi, natumai uko salama. Nakuandikia nikiwa ndani ya matatu, tumekwama hapa barabara ya Outering, Nairobi, na ukweli ni kwamba sina haraka ya kufika. Hilo ndilo linaniuma, mama wa mtoto wa miezi saba anaogopa kufika kwake jioni juu anajua usiku utakuwaje.

Nina kijana. Ni mtoto mzuri, ana afya, ananyonya, uji ameshaanza na anaupenda, kliniki wanasema uzito uko sawa. Shida ni usingizi. Mchana halali. Analala dakika ishirini, ishirini na tano, mara tatu hivi kwa siku, anaamka akilia, halafu hataki chini, hataki kubebwa, hataki maziwa, ni kulia tu. Kisha ikifika saa kumi na mbili jioni anazima kabisa, fofofo, mimi nikiingia saa moja na nusu nampata hivyo. Saa mbili na nusu macho haya hapa! Amefunguka, anacheka, anataka kucheza, na hapo ni mimi na yeye mpaka saa sita usiku. Saa kumi na mbili asubuhi anaamka, mimi nikiwa natoka. Shangazi nimechoka hadi juzi nimesinzia mbele ya kasitoma na bosi akaniona.

Wacha nikueleze nyumba yetu venye iko ndio uelewe. Tunaishi mtaa wa Pipeline, gorofa ya nne, chumba kimoja cha kulala na sebule. Babake anafanya shifti ya usiku kwa godauni huko Indaa, Industrial Area, anaingia nyumbani saa mbili asubuhi na analala mpaka saa tisa, kwa hivyo bedrumu inafungwa na hakuna mtu anaingia. Dada wa kazi na mtoto wanashinda sebuleni. Mtoto analalia kochi, dada anamzingira na mito asianguke, tivii iko juu. Na nje unajua Pipeline, mtu wa mayai na spika yake, fundi anachomelea milango hapo chini, watoto wa ploti kwa ngazi, wa maji na mitungi yake. Kimya hakuna.

Mamangu alinishauri mtoto asiachwe alale sana mchana ndio usiku achoke alale, na nikaona ina akili, nikamwambia dada hasa kuanzia saa sita amchezeshe tu asilale. Pia nilitoa ratiba kwa simu nikaiandika kwa karatasi nikaibandika kwa friji, saa tatu alale kwa saa moja, saa saba alale kwa saa moja. Hafuati. Dada anamlaza saa tatu kamili na mtoto anamwangalia tu, ama ashalala saa mbili na nusu ameshaamka.

Sasa juzi stima ilipotea ofisini tukaachiliwa mapema. Nikaingia nikampata dada amemfunga mgongoni na leso, anaosha vyombo, anamuimbia wimbo wa kwao huko Magharibi, na mtoto amelala usingizi ule wa mdomo wazi. Badala ya kufurahi nilikasirika. Nilikuwa nimesoma mtoto akizoea mgongo hatawahi kulala kitandani. Nikamwambia amtoe. Akatolewa, akaamka, akalia mpaka jioni, na dada hakusema neno lakini uso wake niliuona.

Wikendi ndio mbaya zaidi. Jumapili dada ana ofu yake, na kwangu mtoto hakubali kulala mchana kabisa, anataka titi tu, ananyonya anaacha, ananyonya anaacha, anakunja mgongo analia hadi na mimi naanza kulia. Kwa dada analala, kwa mamake aliyemzaa hapana. Nilirudi kazi akiwa miezi minne, nilikuwa nimeunganisha maternity na likizo ya mwaka, na kabla ya hapo alikuwa analala popote vizuri sana. Nahisi ni mimi nilimharibu kwa kumwacha.

Jirani yangu ameniambia kuna sirapu ya mafua, kijiko kimoja tu baada ya chakula cha mchana na analala masaa matatu, wake alimpa na hakudhurika. Sijampa. Lakini sitakuficha shangazi, Jumapili iliyopita niliishika hiyo chupa mkononi. Nisaidie. Babake anasema akikua ataacha.

Mama kijana, Pipeline

JIBU

Mdogo wangu, hiyo chupa irudishe kwa jirani leo, kabla ujue nini kingine nimekuandikia. Zile sirapu za mafua zinaleta usingizi kwa sababu zina dawa inayopunguza kasi ya ubongo, na kwa mtoto mdogo dawa hiyo hiyo inaweza kupunguza na pumzi. Dawa za mafua na kikohozi za kununua kaunta hazipewi mtoto wa chini ya miaka 2 bila daktari kusema, na za kumlaza hazipewi mtoto wa umri wowote. Kuna wengine zinawafanyia kinyume, mtoto anakuwa na wazimu wa kutotulia. Jirani alibahatika. Na umwambie dada pia, kwa upole, usimwachie akisie, juu jirani anayekushauri wewe jioni ndiye anakaa kwa ngazi na dada mchana kutwa. Kuishika na kuiweka chini, hapo ulifanya vizuri, na kuniambia ukweli ulifanya vizuri zaidi. Kuna kina mama wengi wameishika hiyo chupa na hawana wa kumwambia.

Sasa tuje kwa barua. Nimeisoma mara tatu na kila mara nasimama kwa laini moja, ile ya "amchezeshe tu asilale". Mdogo wangu, shida yako imekaa hapo. Sikulaumu wewe wala mama yetu mzee, hilo ndilo tuliloambiwa sote na kwa mtu mzima lina ukweli kiasi, ukinyimwa usingizi mchana usiku unaanguka kama gunia. Mtoto wa miezi saba hayuko hivyo. Akipita saa yake ya kulala, mwili wake unaanza kumwaga homoni za kumweka macho, zile zile zinazokufanya wewe ukiwa umechoka kupita kiasi ulale kitandani macho yanaangalia dari. Kwa hivyo anakuwa mchovu na amechajiwa kwa wakati mmoja, hawezi kulala na hawezi kukaa. Huko kulia kwa mchana kusiko na sababu, hataki chini hataki juu, sababu ndiyo hiyo.

Hebu tuhesabu pamoja. Saa sita usiku mpaka kumi na mbili asubuhi, masaa sita. Jioni masaa mawili na nusu. Mchana dakika ishirini na tano mara tatu, tuseme saa moja na robo. Hayafiki masaa kumi. Shirika la Afya Duniani, WHO, liliandika mwaka 2019 kwamba mtoto wa miezi 4 hadi 11 anahitaji masaa 12 hadi 16 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo. Kijana wako ana deni la masaa mawili na zaidi kila siku, na ile saa kumi na mbili jioni anayozima kama stima ni deni linalipwa kwa nguvu. Akishalipa kidogo, saa mbili na nusu betri imejaa, na wewe ndio unaingia kwa blanketi. Yaani mnamnyima mchana ndio alale usiku, halafu anaulala jioni na usiku unaharibika.

Kwa hivyo kitu cha kwanza, leo ukifika, mwambie dada ile amri imefutwa. Mtoto alale mchana, alale mara tatu, na asiwahi kuamshwa akiwa amelala isipokuwa kwa sababu moja nitakayokuambia huko chini.

Na kitu cha pili utakachomwambia dada ni pole.

Najua hiyo ni ngumu zaidi. Lakini fikiria ulichomkuta akifanya. Nyumba ina mzee amelala bedrumu, kochi, tivii, fundi wa milango chini, karatasi isiyofanya kazi kwa friji, na huyu msichana akachukua leso, akamfunga, akaimba, na mtoto aliyeshindikana akalala mdomo wazi. Yeye ndiye amevumbua dawa ndani ya hiyo nyumba na ikatolewa mgongoni. Nyanya zetu walilima na watoto mgongoni na hao watoto walikuja wakalala kwa vitanda, hata wewe pengine ni mmoja wao. Mtoto wa miezi saba anaweza kuzoea kitu na anaweza kuzoeshwa kingine, hajaandikwa kwa jiwe. Wiki hii ya kwanza lengo lako ni moja tu, alipe deni, na kama atalilipa mgongoni mwache alilipie huko. Masharti ni machache: uso wake ugeuzwe pembeni, pua na mdomo viwe wazi, leso isimfunike kichwa, na dada akiwa naye mgongoni asipike, sio kwa jiko, sio kwa gesi. Kuosha vyombo ni sawa.

Ile karatasi sasa. Itoe. Ratiba ya masaa kamili ya simu imeandikwa na mtu asiyejua mtoto wako ameamka saa ngapi leo. Kwa umri huu unahesabu kutoka pale alipoamka, na ni kama masaa mawili mpaka mawili na nusu, ya mwisho ya jioni yanaweza kufika matatu. Kama ameamka saa kumi na mbili, saa tatu ni mbali sana kwake, ndio maana dada anamlaza saa tatu na anamwangalia tu, nafasi yake ya kulala ilipita kitambo. Kwa hiyo siku yake inaweza kukaa hivi: ameamka saa kumi na mbili, analala kwenye saa mbili na robo, kwa saa moja hivi. Anakula, anacheza, analala tena saa sita kasorobo, na huu ndio usingizi mkubwa, uachwe ufike saa saba na nusu na ukipita hewala. Wa tatu ni mdogo, kwenye saa kumi, na hapa ndipo ile sababu moja ya kumwamsha: asipite saa kumi na moja jioni. Mwamsheni taratibu, fungueni pazia, mwacheni ajinyooshe. Halafu anaweza kusubiri mpaka saa mbili usiku kwa usingizi wa usiku. Ukijumlisha hapo ni masaa kumi na matatu na zaidi, bila miujiza yoyote.

Lakini hizo saa ni mfano, akiamka kumi na moja na nusu kila kitu kinakuja mapema. Kinachoangaliwa ni mtoto mwenyewe. Anaanza kutazama mbali, anaacha kichezeo alichokuwa anakililia, anajisugua macho, anavuta sikio, nyusi zinakuwa nyekundu kidogo. Hapo mlazeni. Akishaanza kulia mmechelewa. Muulize dada yeye anaona nini kabla hajalala, nakuhakikishia anajua, anashinda naye masaa kumi na tatu.

Rutini yenyewe isiwe ndefu, hii ya mchana dakika kumi zinatosha, wengine wanasoma mambo ya masaji na bafu na mafuta ya nini, nani ana muda huo mara tatu kwa siku. Badilisha nepi, mpe kanyonyo kadogo au chupa, zima tivii, teremsha pazia, beba, imba, laza. Mfuatano ule ule kila mara, na neno lile lile mwishoni, "lala baba", chochote. Mtoto hawezi kusoma saa lakini mfuatano anaushika haraka sana, baada ya siku kadhaa utaona nepi tu ikibadilishwa na tivii ikizimwa anaanza kupiga miayo. Lakini ni lazima ufanywe na kila mtu, dada, wewe, babake, mpaka nyanyake akitembea. Rutini ikiwa ya mtu mmoja, siku huyo mtu hayupo mtoto anapotea, na ndio hiyo Jumapili yako.

Sasa kochi. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Mtoto asilale kwenye kochi, hata mchana, hata dada akiwa hapo, na hiyo mito mnayomzingira nayo ndiyo hatari kuliko kuanguka. Mtoto wa miezi saba anabiringika, anaingia katikati ya mto na mgongo wa kochi, uso unazama, na hawezi kujitoa wala hatapiga kelele. Tafuta godoro dogo gumu, lile jembamba la mtoto, weka juu ya mkeka kwenye kona ya sebule mbali na mlango na mbali na nyaya za tivii. Shuka moja iliyobana, hakuna mto, hakuna blanketi zito, hakuna dubu. Alazwe chali, akijigeuza mwenyewe mwacheni. Baridi ya Julai ikija mvalisheni nguo ya ziada badala ya kurundika mablanketi. Tundika leso nyingine kwenye kamba kutenganisha hiyo kona, awe na kachumba kake. Na kwa kuwa sasa mtaziba mwanga, nakuomba sana, msiwashe jiko la makaa ndani ya hiyo sebule, moshi wa makaa usioonekana unaua familia Nairobi wakati wa baridi na wenyewe wamelala.

Pipeline ina giza, gorofa zimebanana hadi mtu anawasha taa saa sita mchana. Kwa kulala mchana hiyo ni neema kwako, matajiri wa Runda wananunua mapazia kutafuta giza kama hilo. Lakini asubuhi ni hasara, kwa sababu mwanga ndio unaupa mwili wa mtoto habari kwamba hii ni siku na ile ni usiku. Sisi hapa tuko karibu na ikweta, jua linatoka kwenye saa kumi na mbili na nusu Januari mpaka Desemba, ni saa ya bure isiyochelewa. Dada akishamvalisha ampandishe ruf pale mnapoanika nguo, akiwa amembeba vizuri na wakae mbali na ukingo, dakika ishirini waone anga, kisha washuke. Na jioni kuanzia saa moja mzime taa kubwa, mbaki na ndogo, tivii chini. Usiku akiamka kunyonya usimuongeleshe wala usiwashe simu usoni mwake, mnyonyeshe gizani umrudishe.

Kelele usihangaike nayo sana. Kelele haiamshi mtoto kama kelele kubadilika inavyomwamsha. Fundi akichomelea mfululizo mtoto atalala, ni yule wa mayai anayetokea ghafla na spika ndiye anamrusha. Feni inayovuma kwa chini, isimlenge, ama redio sauti ndogo mwisho wa chumba, inafunika hizo za ghafla. Tivii haifai juu inapanda na kushuka na inatoa mwanga wa kurukaruka. Najua unamnyima dada tivii, kwa hivyo mpe kitu badala yake: ule usingizi mkubwa wa saa sita uwe wakati wake wa kupumzika. Usimpangie kufua na kupiga deki ndani ya muda huo. Mtu aliyepumzika ndiye ana subira ya kuimba saa kumi.

Kuhusu zile dakika ishirini. Usingizi wa mtoto una mizunguko mifupi, ya dakika 40 hadi 50 hivi, na mwisho wa kila mzunguko anakaribia kuamka, na aliyechoka kupita kiasi anajikata hata kabla. Akiwa mgongoni anasikia joto na mwendo, anaunganisha mzunguko mwingine bila kujua. Akiwa kwenye godoro anajikuta peke yake anashtuka. Kwa hivyo wiki ya pili, akishakuwa na deni dogo, anzeni na usingizi wa kwanza wa asubuhi pekee, huo ndio rahisi kuliko yote. Dada amwimbie mpaka macho yawe mazito, amlaze, amwekee mkono kifuani, na asiondoke mara moja. Kwenye dakika ya ishirini awe karibu, akianza kujitikisa amgongegonge pole pole kabla hajafungua macho. Siku zingine itafanya kazi, zingine atalia, na akilia amchukue, amfunge leso, amalizie mgongoni. Zile habari za kumwacha mtoto alie mpaka anyamaze sitakushauri, una mzee anayelala ukuta wa pili baada ya kukesha kazini, mtoto atalia, baba ataamka, na wote mtashinda na hasira.

Baba mwenyewe nina kazi naye. Saa tisa ameamka, bedrumu iko wazi, na ule usingizi wa tatu wa saa kumi ni wake. Amlaze kwenye lile godoro dogo la mtoto huko bedrumu, ama amtembeze tu kwa mikono koridoni mpaka alale, kisha amwamshe kabla ya kumi na moja. Asilale naye kitandani akiwa mchovu wa shifti, hapo aelewe vizuri. Anasema akikua ataacha, ni kweli ataacha, lakini mwaka ni mrefu sana ukiwa umesinzia mbele ya kasitoma.

Sasa nikuambie lile ambalo hutalipenda. Hii ratiba inakupa wewe nusu saa ya jioni na mtoto wako. Unaingia saa moja na nusu, saa mbili analala. Nimelea wanangu nikifanya kazi, naijua hiyo hesabu na naijua venye inakata. Nilikuwa naingia nikimvua mtoto usingizi kidogo kwa makusudi, tu anione, kisha najuta saa sita usiku. Hiyo nusu saa ifanye yako yote, nawa mikono, vua viatu, mchukue, mnyonyeshe, mwimbie, simu ibaki kwa mkoba. Na asubuhi amka robo saa kabla ya kawaida mnyonyeshe kwa utulivu kabla ya kutoka, kwa sababu usiku utakuwa umelala na utaweza. Sai huwezi.

Na hujamharibu. Kwenye miezi mitatu minne usingizi wa kila mtoto unabadilika, ule wa kuzaliwa wa kulala popote kama mzigo unaisha na unakuja huu wa mizunguko. Sheria ya Ajira ya 2007 inatupa miezi mitatu ya maternity, ukiongeza likizo inafika minne, kwa hivyo mama anarudi kazini wiki zile zile ubongo wa mtoto unabadilisha gia, na kila mama anaona ni yeye. Ungekaa nyumbani, ungebadilika vile vile mbele ya macho yako.

Jumapili anakulilia titi kwa sababu ananusa maziwa, na anajua wewe ndiye mwenyewe. Hiyo sio kukukataa hata kidogo. Jaribu kumnyonyesha akiamka, ashibe, halafu saa ya kulala ikifika uwe na njia nyingine ya kumtuliza isiyo titi. Leso ya dada iombe, ile ile, bila kuifua, ina harufu ya usingizi wake. Mfunge mgongoni, tembea sebuleni. Akikataa mara ya kwanza usibadilishe mbinu tatu ndani ya dakika kumi, kaa na hiyo moja.

Mpe wiki mbili. Siku tatu nne za kwanza jioni bado atataka kuzima saa kumi na mbili, mkiona amezidiwa mlazeni usiku mapema, hata saa moja kamili, ni bora kuliko kumkokota, na wewe utamkuta amelala siku hizo, vumilia. Meno yakija patavurugika, na kwenye miezi minane hivi wengi wanaanza kulia ukitoka tu kwa mlango, na ya tisa kuna chanjo ya surua, siku mbili tatu atakuwa msumbufu. Mnarudi kwa mfuatano ule ule na inakaa. Ila akikoroma kwa nguvu kila siku, ama pumzi inasimama akiwa amelala, ama ni mgumu kuamka, ana homa, anakataa kunyonya, usiningoje mimi, chukua kitabu cha kliniki uende siku hiyo hiyo.

Jumamosi hii, kabla dada hajaenda ofu, keti naye sakafuni wakati wa usingizi wa asubuhi umtazame anavyofanya tangu mwanzo, usimsahihishe. Mwombe akufundishe ule wimbo wa kwao. Andika maneno kwa simu ukiyashindwa kuyashika.

Shangazi yako